Matone Matatu ya Fundi Herménégilde

Rosettenville, Johannesburg
Jumanne, 4 Juni 2024

Kwa Baba yangu Herménégilde,

Shikamoo Baba. Goti linasemaje? Na Mama, bado anakataa kupumzika mchana? Mimi ni mzima wa mwili, ila baridi ya huku imeingia kwa fujo. Asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe na navaa soksi mbili mbili. Mshukuru sana Arlène wa kibandani kwa kupokea kurasa zangu kwenye simu yake na kunipigia picha kurasa zako. Masikio yako yangekuwa mazima ningekupigia tu, lakini miaka thelathini ya milio ya jeshini imeyamaliza, na sipendi kupayuka kwenye simu kama muuza samaki, watu wote wa jengo wasikie habari zetu.

Baba, nina jambo. Unajua Bwana Abílio, yule Mreno mwenye karakana ya silaha ninapojifunzia, aliniahidi kwamba mwisho wa Julai atatia sahihi daftari langu la mafunzo. Miaka minne, Baba. Akishatia sahihi, polisi wataniandikisha fundi wa silaha kwa jina langu mwenyewe. Nimeshaona kwenye ndoto hilo jina, Emérite, limepigwa muhuri.

Sasa kuna mteja anaitwa Jennifer, Mkenya, anafanya kazi benki na anaishi Randburg. Anapenda mashindano ya kulenga shabaha, kila baada ya wiki mbili, Jumapili asubuhi. Mwezi wa tano aliniletea bastola yake niisafishe. Niliifungua yote, nikaosha, nikakausha, nikafunga, na mwisho nikamalizia kwa matone yako matatu ya mafuta, kama ulivyonifundisha. Ilikuwa inang'aa, mpaka nikaipiga picha.

Juzi Jumapili, katika risasi thelathini, saba ziligoma. Anavuta kifyatulio, inasema tik, kama mtu anayefunga kufuli, basi. Hakuna mlio. Jana akaileta karakana, Bwana Abílio akaipiga kwenye sanduku la mchanga mara ishirini, na zote zikalia. Akaniangalia juu ya miwani yake. Akasema bastola haina majini, ikigoma ujue kuna mtu ameikosea, na mtu wa mwisho kuigusa ni mimi.

Nisaidie, Baba. Nianzie wapi?

Mwanao,
Emérite

*

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 9 Juni 2024

Mwanangu mpenzi Emérite,

Salamu zako zimefika na nimezigawa nyumba hadi nyumba. Goti linanung'unika lakini linatembea. Mama yako ni mzima na anakataa kupumzika, kwa hiyo hakuna jipya. Arlène amekataa soda niliyomnunulia, anasema kazi ya barua zetu ni burudani kwake. Naona anasoma kila kitu. Na asome, ajue mtoto wangu anafanya nini Afrika Kusini wakati wengine wanauza chaja barabarani.

Usiwe na hofu. Bastola ikisema tik, kwanza mfundishe huyo dada Mkenya adabu yake: asiifungue hapo hapo. Aiache imeelekea kwenye shabaha, ahesabu mpaka thelathini. Risasi nyingine huchelewa kulia, na ikilia mkononi hatakuwa na mkono wa kuhesabia hela benki.

Kisha azitunze zile zilizogoma, asizitupe, akuletee. Zigeuze uangalie kitako. Pale katikati pana fataki, kile kikombe kidogo cha shaba ambacho pini hukipiga ili baruti iwake. Fataki itakuambia yote. Kama haina alama kabisa, pini imevunjika au haifiki. Kama alama iko pembeni, basi mgongo wa bastola, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele, haukufunga mpaka mwisho. Kama alama iko katikati lakini haina kina, pini inafika ikiwa imechoka, na hapo mshitakiwa ni springi. Unakumbuka nilivyokuchorea bastola kwa chaki sakafuni, Mama yako akagomba kwa sababu alikuwa amepiga deki? Kila kitu kilikuwa pale.

Mimi nasema ni springi. Badilisha. Na huyo Mreno mwambie baba yako alikuwa adjudant, fundi mkuu wa silaha, kabla yeye hajajua kushika bisibisi.

Baba yako,
Herménégilde

*

Rosettenville
Jumanne, 18 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nafurahi goti linatembea. Huku mafua yamepita kila chumba cha nyumba tunayopanga lakini mimi yameniruka. Ujumbe wako kwa Bwana Abílio sikuufikisha, samahani. Ana miaka sabini na moja na bado nahitaji sahihi yake.

Fataki ulizosema nilizitazama kwa kioo cha kukuzia. Alama iko katikati kabisa, imenyooka, lakini ni ya juu juu tu, kama ukucha kwenye sabuni. Nikasema Baba ni Baba, ameiona kutoka Buyenzi. Nikabadilisha springi, mpya ya kiwandani. Nikaosha tena kila kitu, nikatia matone matatu. Karakana tukapiga arobaini, zote zikalia. Nikamwita Jennifer aje kuichukua, nikamwambia dada, hii sasa sharp, safi kabisa.

Jumapili nikaenda naye mwenyewe kiwanjani. Alinipitia kwa gari saa kumi na mbili na nusu, taa za barabarani, ambazo huku wanaziita robot, zote zikiwa njano, hakuna mtu barabarani. Mashindano yakaanza saa moja na nusu, nyasi zinavunjika chini ya viatu. Risasi ya pili, tik. Ya tano, tik. Zikagoma tisa. Kila ikigoma yeye anahesabu thelathini kwa sauti, kama ulivyosema, na watu nyuma wanahesabu naye. Baba, nilitamani ardhi inimeze. Jambo moja la ajabu ni kwamba kufika saa nne, jua limepanda, ikaacha kugoma. Alipiga hamsini za mazoezi bila tatizo hata moja.

Jennifer hakunifokea. Alisema tu, "Emérite, wewe nakuamini. Hii kitu ndiyo siiamini tena." Afadhali angenifokea.

Unafikiri nini?

Mwanao,
Emérite

*

Buyenzi
Jumapili, 23 Juni 2024

Mwanangu Emérite,

Tumshukuru Mungu tuko wazima, na mvua imetupa ruhusa tukaezeka tena jiko. Mama yako anauliza kama unakula. Mimi sihitaji kuuliza, nimeiona picha yako.

Nimesoma. Jibu ni risasi. Watu wa mashindano hununua za bei rahisi, na nyingine zina fataki ngumu kama kichwa cha mjomba wako. Abadilishe risasi. Na wewe mafuta unaweka kwa uchoyo. Huko mmezoea vitu vikavu vikavu. Pini lazima iogelee ndani ya njia yake, ndivyo inavyopita bila kukwaruza. Weka matone matano.

Hayo ya jua na saa nne ni bahati tu, usiyatie maanani.

Nisikilize mimi. Katika maisha yangu nimefunga na kufungua silaha zaidi ya nywele ulizonazo, na hakuna hata moja iliyonigomea. Hata moja. Hata wewe haitakugomea, maana mkono wako ni wangu.

Baba yako,
Herménégilde

*

Rosettenville
Jumanne, 2 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama wote. Mimi nakula, mwambie Mama, ingawa wiki hii chakula hakishuki.

Tulijaribu risasi za aina tatu, zote mpya, moja ya bei mbaya kabisa. Niliweka matone matano. Juzi Jumapili ziligoma kumi na nne. Kumi na nne kati ya thelathini, Baba, karibu nusu hazikulia. Jennifer alijitoa baada ya zamu ya kwanza, akaifunga kwenye kasha lake, akaja kusimama karibu nami na kikombe cha chai kama mtu anayefariji mfiwa.

Jana Bwana Abílio aliichukua bastola kwenye meza yangu akaifungia kwenye sefu. Akaniambia taratibu, bila hasira, kwamba sahihi yake hampi mtu ambaye silaha yake inasema tik. Bastola, akasema, kuna mtu siku moja ataivuta akitegemea kuishi. Nina mpaka mwisho wa mwezi kumwambia kwa nini inagoma. Nikishindwa, narudia mwaka mzima, na hana hakika kama karakana itakuwepo mwakani.

Baba, nimefuata kila neno lako. Sijui tena nishike wapi. Kama kuna kitu ulikisahau, hata kidogo, niambie.

Mwanao,
Emérite

*

Buyenzi
Jumamosi, 6 Julai 2024

Emérite mwanangu,

Sisi ni wazima.

Sina kingine. Niliyokuwa nayo yote nimekupa. Usilie mbele ya Mreno. Tafuta wewe mwenyewe, macho yako bado ni mapya.

Baba

*

Rosettenville
Jumanne, 16 Julai 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na uketi chini kabla hujaendelea. Mama akae karibu. Nimeipata.

Barua yako fupi iliniuma, nisikufiche. Lakini ulisema nitafute mwenyewe, nikatafuta. Jumamosi asubuhi nilitaka kupika maharage kwa mawese yale mliyonitumia kwa mkono wa Pitchou, dereva wa malori. Chupa ilikuwa dirishani. Nikaiinamisha juu ya sufuria, hakuna kitu. Nikaipigapiga, hakuna. Mawese yalikuwa yameganda, magumu kama mshumaa. Nikaisimamisha chupa juani, nikaendelea kufua. Kufika saa nne yakaanza kuteremka yenyewe, mekundu na laini, kama ya nyumbani.

Baba, niliacha nguo kwenye beseni. Nilikaa kwenye ngazi nikaanza kuhesabu mambo. Saa moja na nusu inagoma, saa nne inapona. Karakana kuna hita, haigomi kamwe. Jennifer huifungia bastola kwenye sefu iliyoko gereji, na gereji za huku Julai ni friji. Matone matatu, tisa zinagoma. Matone matano, kumi na nne.

Jumatatu nilimwomba Bwana Abílio bastola na friji yake. Akafikiri nimerukwa na akili. Nilifungua mgongo wa bastola nikauweka kwenye friji karibu na dagaa wake wa kopo, na kwa kuwa sheria hairuhusu silaha iachwe peke yake, mzee alivuta kiti akaketi mbele ya mlango wa friji kwa muda wa saa tatu nzima, mikono kifuani, akilinda dagaa na bastola. Saa saba mchana tukaifunga haraka haraka, tukapiga kumi. Nne ziligoma. Mara ya kwanza ndani ya karakana yake. Aliondoa miwani.

Kisha nikatoa pini nikaonyesha njia yake. Mafuta yetu, yale mazito, yalikuwa yamechanganyika na vumbi la shaba la risasi, yakawa uji mweusi. Kwenye joto uji unaachia. Kwenye baridi unaikamata pini, inafika kwenye fataki ikiwa imechelewa, haina nguvu. Nikaosha njia yote, nikaikausha mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Sikuweka hata tone. Mgongo ukarudi kwenye friji, mzee akarudi kwenye kiti. Saa kumi tukapiga kumi, zote zikalia. Tukarudia, zikalia tena. Tulipiga mpaka jirani mwenye duka la mikate akaja kuuliza kama kuna vita.

Bwana Abílio akaniuliza nani alinifundisha kutia mafuta ndani ya njia ya pini, maana yeye hajawahi kunionyesha hivyo, na vitabu vya kiwanda vinakataza. Hakuwa ameniona, Baba, kwa sababu ninayatia mwisho kabisa, nikishamaliza, kama mtu anayefanya ishara ya msalaba. Ningeweza kusema nilijibunia. Nilimwambia: "Baba yangu. Ni fundi mkuu wa jeshi, na kwao ni kando ya ziwa, joto na unyevu mwaka mzima, chuma kisichoogelea kinaoza. Pale alikuwa sahihi. Hapa nimekosea mimi, kwa kutotazama niko wapi." Akairudisha miwani puani, akasema wewe Baba ungependa kuiona friji yake.

Kuna silaha kumi na moja nyingine nilizozitia mafuta hayo tangu mwaka jana. Mbili ni za walinzi wa Hillbrow. Nimewapigia simu wote, wanaleta moja moja, naosha bure na kumwambia kila mmoja kosa lilikuwa langu. Aibu ipo. Lakini nalala.

Baba, usinielewe vibaya. Sikuandikii ili kukuhukumu. Kila kitu kingine ulichonichorea kwa chaki kilikuwa kweli, hata kule kusoma fataki. Bila hiyo nisingejua kwamba pini ndiyo iliyochoka. Niandikie upesi.

Mwanao,
Emérite

*

Rosettenville
Jumatatu, 29 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Mko wazima? Sijapata jibu, nikasema labda simu ya Arlène imeharibika.

Jana Jennifer alishiriki. Barafu kwenye nyasi, pumzi inaonekana. Bastola ililala gereji makusudi, mimi ndiye niliyemwomba. Risasi sitini, milio sitini. Hakushinda, alikuwa wa nne, lakini alipomaliza aliinua mkono kama bingwa wa dunia, na alipokuwa anakuja kunikumbatia alikuwa anahesabu mpaka thelathini kwa utani, na wale watu wa nyuma wakahesabu naye tena. Safari hii nilihesabu na mimi.

Leo saa nne na robo Bwana Abílio ametia sahihi daftari. Hakutoa hotuba. Alifuta kalamu kwanza, akaandika pole pole, akaniambia kwamba kazi ya kwanza kwa jina langu iko mezani. Nimekutumia picha ya ukurasa huo. Ona palipoandikwa jina.

Nataka kusikia unasema nini. Najivuna, Baba, na nataka kujivuna na wewe.

Mwanao,
Emérite

*

Rosettenville
Jumatatu, 19 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Arlène amenijibu kwamba uko mzima, kwamba barua zangu zote umezisoma, na kwamba unatoka asubuhi bila kusema unakokwenda. Mama anasema hivyo hivyo. Basi si simu.

Kama nimekukosea heshima, niambie kwa maneno, nitaomba radhi kwa maneno. Nilifikiri ukweli ungeweza kukaa kati yetu. Kama niliuweka vibaya, nisamehe namna nilivyouweka. Ukweli wenyewe siwezi kuuondoa, kuna walinzi wawili Hillbrow wanaoutegemea.

Hapa kuna kiti changu mezani sasa. Nakifikiria kila siku kama kiti ulichonikalisha.

Mwanao anayesubiri,
Emérite

*

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 1 Septemba 2024

Mwanangu Emérite,

Nakusalimu kwa moyo wote, na leo naanza na mimi mwenyewe: goti zima, masikio yale yale, moyo umepona juzi. Mama yako anakusalimu na amenigombeza wiki sita kwa ajili yako. Hukunikosea. Futa neno hilo.

Nilikuandikia kwamba hakuna silaha hata moja iliyowahi kunigomea. Nilikudanganya. Zilinigomea tano kwa siku moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, mwanzoni mwa Mei, mvua bado zinanyesha. Kikosi kilikuwa kimepandishwa kambi ya milimani, kule ambako watu wanalala na makoti. Alikuja mkubwa mgeni kukagua, na saa moja asubuhi maafisa kumi na wawili wakasimama mbele yake kulenga shabaha kwa bastola nilizozifunga mimi. Tano zikasema tik. Mkubwa akageuka akauliza, na macho yote yakaniangukia. Nilikuwa na kijana chini yangu, Valentin, mtunza ghala la risasi. Paa la ghala lilikuwa na tundu, kila mtu alilijua. Nikasema risasi zimelowa. Sikufungua hata moja kuangalia. Sikugeuza kitako kusoma fataki, mimi niliyekufundisha kusoma fataki. Nilisema hivyo kwa sauti ya fundi mkuu, na fundi mkuu akisema imekwisha.

Saa nne siku ile ile zile bastola zikalia zote. Niliona. Nikanyamaza, maana sikuwa na maelezo, na kijana alikuwa na tundu kwenye paa. Valentin alitolewa ghalani, mwezi uliofuata akatolewa jeshini, bila cheti, bila asante. Ndiyo maana ulipoandika kwamba jua likipanda bastola inapona, niliigeuza simu ya Arlène uso chini, nikakuambia ni bahati tu. Nilijua kuna kitu pale. Sikutaka kukijua.

Barua yako ya mawese niliisoma kwa Arlène nikiwa nimesimama. Nilifika kwenye friji nikakaa chini kibandani kwake, katikati ya ndoo za mkaa. Yeye alidhani presha.

Valentin anaishi Kinama, hapa hapa Bujumbura, anatengeneza baiskeli. Nilikuwa najua siku zote anakoishi. Mara tatu nilikwenda nikafika mpaka kona yake, nikanunua ndizi ambazo hatukuzihitaji, nikarudi. Mama yako akaniuliza tunafungua soko au vipi. Mara ya nne nilikuwa na picha za barua zako zote, Arlène amezitoa kwenye karatasi, na nilifika.

Alinitambua. Hakunisalimia, ila alimwambia mkewe alete kiti. Nikamwambia nimekuja kusoma kitu, akishasikia anifukuze. Nikamsomea kuanzia nyasi nyeupe mpaka mwisho. Baiskeli ya mtu ilikuwa imepinduliwa mbele yake, magurudumu juu, na mkono wake ulibaki kwenye gurudumu muda wote. Nilipomaliza nikasema nilichokwenda kusema, kwamba ni mafuta yangu, kwamba risasi zake zilikuwa kavu, kwamba nilimtupa yeye ili nisianguke mimi.

Mkono ukaliachia gurudumu, na mkewe akatoka kuangalia. Halafu Valentin akasema, na nilimwomba arudie kwa sababu ya masikio yangu, akarudia kwa sauti ya juu, majirani wakasikia: "Miaka ishirini na sita nimeamini kwamba ni mimi. Niliamini usiku ule nililala nikaacha mvua iingie."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mzee mzima, kwenye kiti cha kuazima. Alinipa kitambaa chake cha girisi, nikajipaka usoni bila kujua, mkewe akacheka, na yeye akacheka kidogo. Sisemi amenisamehe. Hakusema hivyo na mimi sikumwomba. Alisema tu nirudie pale pa friji. Nikarudia. Akauliza joto la friji ni kiasi gani, na kama pini ilikuwa ya kupigwa na nyundo au ya springi peke yake, maswali ya fundi, Emérite, maswali ambayo mimi mkubwa wake sikuwahi kuyauliza. Tulichora kwa chaki kwenye simenti yake mpaka jioni.

Nimeandika karatasi kwa mkono wangu, nikaitia sahihi mbele ya kiongozi wa mtaa, inayosema kosa lilikuwa la nani. Ameiweka pamoja na vyeti vya ubatizo wa watoto wake.

Sasa kuhusu wewe. Picha ya daftari lako imebandikwa kibandani kwa Arlène, na kila anayekuja kununua vocha analazimishwa kusoma jina. Kila mtu namwambia: mtoto huyu nimemfundisha mimi, na kosa langu amelisahihisha yeye. Wengine wanaona haya kwa niaba yangu. Mimi sioni. Nimejivunia vitu vingi maishani, mwanangu, vyeo, mishipi, buti zilizong'aa, na hakuna kilichonijaza kifua kama hiki. Ulisimama mbele ya Mreno ukanilinda, ukasimama mbele ya wateja kumi na mmoja ukajishitaki. Mimi mbele ya mkubwa mmoja nilishindwa.

Valentin ana maswali saba. Nimemwambia siwezi kuyajibu, aulize fundi. Arlène atakutumia namba ya mke wa Valentin pamoja na kurasa hizi. Najua unangoja kunijibu mimi, na mimi nina hamu ya barua yako kuliko chakula. Lakini mwandikie yeye kwanza. Mimi nitangoja.

Baba yako,
Herménégilde